Shajara ya mradi wa ngozi: mimi, soriasisi na kidonge cha njano

Kabla ya dozi ya kwanza

Basi nimeamua hii kitu niiendeshe kama mradi. Kuna lengo, kuna vipimo, kuna daftari. Lengo sio kupona, soriasisi, huu ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, haiponi, inatulia tu afu inarudi ikijiskia. Lengo ni kujua hii dawa mpya inanifanyia nini, mazuri na mabaya, na lini, maana safari hii daktari wa ngozi ameniandikia methotreksati, dawa inayopunguza kinga, na kila mtu anayeijua nikimtajia jina ananyamaza kidogo ndo anajibu.

Hali ilivyo: viwiko vyote viwili, magoti, kiunoni nyuma, kichwani hadi nyuma ya masikio, na baka moja kubwa kwenye muundi wa kulia ambalo limegoma kila kitu. Kipimo changu ni kiganja. Kiganja chako na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya ngozi yako yote, kwahiyo ukihesabu viganja vingapi vinaweza kufunika mabaka yote unapata picha bila hata mashine. Yangu imevuka 10, na hapo ndo madaktari wengi wanaacha kutegemea mafuta ya kupaka peke yake wanaanza kuongelea tiba ya mwanga, vidonge au sindano. Pia najaza lile dodoso linaitwa DLQI, lilitoka Cardiff mwaka 1994, maswali 10, alama kuanzia 0 mpaka 30, linauliza wiki iliyopita ngozi imekuharibia nini, mavazi, kazi, michezo, mpaka mambo ya chumbani. Ukipita 10 ugonjwa umeshakaa vibaya kwenye maisha yako. Nimepita, tena kwa mbali.

Kwenye daftari nimechora safu: viganja, kuwasha, usingizi, kichefuchefu, mdomo, uchovu, na safu ya mwisho nimeiandika "mengineyo" ambayo najua ndo itajaa kuliko zote.

Mafuta ninayotoka nayo

Hii niiandike mapema maana watu wanadhani madhara yanaanza ukimeza kitu. Wapi. Steroidi za kupaka zile kali, klobetasoli na ndugu zake, zinafanya kazi vizuri sana tu na ndo maana zinaleta shida, unaona baka limelala ndani ya siku chache unapenda, unaendelea. Ngozi inakonda, inakua laini ajabu kama karatasi ya kufungia zawadi, mishipa midogo inaonekana, kwenye mikunjo inatokea michirizi ambayo haifutiki, na usoni inaweza kukuletea vipele na wekundu wa kudumu. Klobetasoli mtu mzima haitakiwi izidi gramu 50 kwa wiki, na kwa kawaida sio zaidi ya wiki 2 mfululizo bila daktari kukuangalia. Afu ukiikata ghafla baada ya kuitumia muda mrefu ugonjwa unaweza kurudi na hasira zaidi ya ulivyokua.

Kipimo cha kupaka: ukikamua toka kwenye tyubu mstari unaoanzia ncha ya kidole cha shahada mpaka kwenye kiungo cha kwanza, hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili. Sikuwahi kuambiwa hivo na mtu kwa miaka mingi, nilikua naambiwa tu "paka kidogo". Kidogo ni nini sasa? Kwa mwenzangu kidogo ni tyubu nzima.

Kalsipotrioli, ile ya vitamini D, haikondeshi ngozi ila inauma na kuwasha ikigusa uso, na nayo ina ukomo, gramu 100 kwa wiki, ukizidisha kalsiamu inaweza kupanda kwenye damu. Lami ya kupaka kichwani inasaidia, inanuka, inachafua shuka, inaziba vinyweleo mpaka vinatoa vipele. Na yale mafuta mazito ya kulainisha ngozi, hayana shida mwilini kabisa, ila nguo na shuka zilizonyonya hayo mafuta zikishika moto zinawaka haraka mno, kwahiyo ukijipaka kaa mbali na jiko, mishumaa na sigara, na hata ukifua mafuta hayatoki yote. Hilo linaandikwa kwenye makopo kwa herufi za sisimizi.

Nitaendelea na mafuta kidogo kidogo wakati dawa ya kumeza inajivuta. Daktari kasema nisitarajie kitu wiki za mwanzo kabisa.

Siku ya dawa ni moja

Hiki kipengele kina kurasa zake peke yake. Methotreksati ya soriasisi inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Sio kila siku. Kila wiki, siku ileile. Najirudia makusudi kwasababu watu wamekufa kwa hili, mtu anapewa vidonge, akili ya kawaida inasema kidonge ni cha kila siku, anameza kila siku, baada ya siku chache mdomo umejaa vidonda, uboho wa mifupa unaacha kutengeneza damu, vijidudu vinaingia bila mlinzi. Mwaka 2019 shirika la dawa la Ulaya lilitoa hatua mpya kabisa kwa ajili ya kosa hilo moja, pakiti ziwe na onyo linaloonekana, vidonge vifungwe kwenye karatasi za kubonyeza badala ya chupa, mgonjwa apewe kadi. Yaani dawa ya zamani hivo na bado kosa ni lilelile.

Nimechagua Ijumaa usiku. Sababu: kama nitaumwa tumbo niumwe Jumamosi nikiwa nyumbani. Nimemwomba mfamasia aandike "IJUMAA" kwa maneno kamili kwenye boksi, sio namba wala kifupi. Alamu kwenye simu. Na dada yangu nimemkabidhi jukumu, akaniuliza "sasa we mtu mzima mi nikukumbushe dawa?" nikamwambia hapana, usinikumbushe kumeza, nizuie nisimeze mara mbili. Alivoelewa alicheka ila kaiweka kwenye simu yake pia.

Kingine, vidonge vipo vya miligramu 2.5 na vya miligramu 10, na vyote vinaweza kuwa vya njano. Kwahiyo kila nikichukua dawa mpya nasoma namba kwanza, ndo nahesabu. Dozi za soriasisi huwa kati ya miligramu 7.5 na 25 kwa wiki nzima, mi naanzia chini na itapandishwa polepole kulingana na damu inavosema.

Kabla ya kuanza nimetolewa damu: picha nzima ya damu, ini, figo, homa ya ini, virusi vya ukimwi, kifua kikuu, na picha ya kifua. Kwanini yote hayo? Dawa inapunguza kinga, ugonjwa uliolala ukaamka hapo kati ni balaa, na picha ya kifua ya leo ndo ya kulinganishia siku ukianza kukohoa.

Wiki za mwanzo

Ijumaa: nimemeza baada ya kula, maji mengi, nikalala. Hakuna kitu.

Jumamosi: kuna kitu. Sio kutapika, ni kichefuchefu cha chinichini, kile cha kuahirisha kila mlo. Na uchovu. Huu uchovu sijui niueleze vipi, sio usingizi, ni mwili kukataa maagizo. Unaamua kuinuka na mwili unasema subiri kwanza.

Jumapili: nimerudi.

Wiki iliyofuata ilikua hivohivo, na ile nyingine pia, nikaanza kuona ramani. Ijumaa dawa, Jumamosi chini, Jumapili mchana nafuu, kuanzia Jumatatu mi ni mtu. Hapo ndo nikaanza kuheshimu daftari, maana kuna Jumatano moja kichwa kilinigonga sana na kila mtu nyumbani akasema "ni hiyo dawa yako", nikaenda kwenye kurasa nikakuta Jumatano zote zilizopita kimya kabisa. Usiku wa kuamkia Jumatano hiyo sikulala kwa kuwashwa. Kwahiyo kichwa ni usingizi, usingizi ni kuwashwa, kuwashwa ni soriasisi yenyewe. Dawa haikuhusika. Hii ndo kazi yenyewe ya mradi huu kwa kweli, kumpa kila mmoja dhambi zake, la sivo dawa inabebeshwa kila kitu mpaka mtu anaitupa.

Na kujikuna nako kuna hesabu yake, soriasisi inapenda kuota pale ngozi ilipojeruhiwa, mkwaruzo wa leo ni baka la wiki zijazo, wenyewe wanaita Koebner kwa jina la daktari aliyelieleza. Nakata kucha fupi kabisa.

Foliki

Methotreksati inazuia kimeng'enya ambacho kinaigeuza foliki, ile vitamini ya kundi B, iwe katika hali ambayo seli inaweza kuitumia kujigawa. Seli zinazojigawa haraka ndo zinazoumia, na ngozi ya soriasisi ni ya haraka kweli, ngozi ya kawaida inachukua kama mwezi kujibadilisha, hii yetu inamaliza kwa siku chache, ndo yale magamba. Ila kwa dozi hizi ndogo kazi kubwa inaonekana kuwa ni kuzituliza seli za kinga zinazochochea moto wote ule. Shida ni kwamba utando wa mdomo, utumbo, mizizi ya nywele na uboho navyo vinajigawa haraka, na dawa haichagui.

Kwahiyo unapewa asidi ya foliki kuvilinda hivo vingine. Kuna wanaopewa miligramu 5 mara moja kwa wiki siku tofauti na methotreksati, kuna wanaopewa miligramu 1 kila siku isipokua siku ya dawa, kila daktari na utaratibu wake. Inapunguza kichefuchefu na inasaidia ini lisilalamike. Mimi yangu iliwekwa Jumatatu. Dada kaiita "siku ya kaka mtu", Ijumaa mkorofi, Jumatatu kaka yake anakuja kuomba radhi.

Historia kidogo maana imenifurahisha: mwaka 1948 daktari Sidney Farber alikua anatibu saratani ya damu ya watoto kwa aminopterini, babu yake methotreksati, afu mwaka 1951 daktari mwingine, Gubner, akiwa anaijaribu kwa ugonjwa wa viungo akaona mgonjwa mwenye soriasisi ngozi inasafika. Yaani hii dawa ilikuja kwenye ngozi kwa mlango wa nyuma. Ukisoma karatasi ya ndani ukakuta "saratani" usizimie, dozi za kule ni za mbali sana na hizi zetu.

Mdomo

Dozi imepandishwa. Wiki ileile, kidonda kidogo ndani ya shavu, kesho yake kingine pembeni ya ulimi. Naandika tarehe zote mbili.

Nimetumia: kusukutua maji ya chumvi ya uvuguvugu, mswaki laini, dawa ya meno isiyo na mint kali, hakuna vitu vya moto wala vya ndimu. Vimepoa. Lakini muhimu ni kwamba nimepiga simu kliniki hata kabla havijapoa, sababu vidonda vya mdomo ni moja ya dalili za mwanzo kwamba dawa imezidi mwilini, na figo zikichoka kidogo tu, hata kwa kuharisha na kukaukiwa maji, dawa haitoki inavotakiwa. Wakataka nitolewe damu wiki ileile. Chembe nyeupe ziko sawa. Foliki ikaongezwa siku, dozi ya methotreksati ikabaki palepale bila kupanda tena.

Wakanipa orodha pia, na hii nimeibandika mlangoni kwenye kabati la dawa: homa au koo linalouma sana, vidonda vingi mdomoni, michubuko bila kugongwa, ufizi kutoka damu, kikohozi kikavu kipya na pumzi fupi, macho kuwa ya njano, kutapika au kuharisha kusikokoma. Lolote kati ya hayo, simezi dozi inayofuata, natafuta daktari siku hiyohiyo. Kikohozi ndo kinatisha zaidi, mapafu yanaweza kuvimba kwa dawa hii wakati wowote, ni nadra lakini haisubiri.

Damu na ini

Mwanzoni damu ni kila wiki moja au mbili, ikitulia inakua kila miezi miwili mitatu. Hii safari majibu yamerudi, vimeng'enya vya ini vimepanda. Sio sana, ila vimepanda, na karatasi ya maabara inaweka kialama chekundu ambacho kinakufanya ujione marehemu.

Nikafungua daftari. Damu ilitolewa Jumamosi asubuhi kwasababu ndo nafasi iliyopatikana maabara. Dawa nimemeza Ijumaa usiku. Nikampelekea daktari tarehe zote mbili, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika, akasema methotreksati inaweza kupandisha vimeng'enya kwa siku moja mbili baada ya kuimeza afu vinashuka vyenyewe, kwahiyo damu ya ini itolewe mwishoni mwa wiki ya dawa, karibu na dozi inayofuata. Tukarudia Alhamisi. Kawaida kabisa. Toka hapo damu yangu ni Alhamisi na sijali maabara wana nafasi lini, nasubiri Alhamisi nyingine.

Fikiria ingeishia kwenye kile kialama chekundu, dozi ingeshushwa bure.

Pombe: niliulizwa kabla ya kuanza na nitaulizwa kila mara. Ini likiwa na pombe, mafuta mengi au kisukari linaelemewa zaidi na hii dawa. Mimi nimeacha kabisa, wengine wanaruhusiwa kidogo, hilo ni la wewe na daktari wako, ila usimdanganye maana vipimo vitakusema.

Kichwani: nywele na ukungu

Nywele zimekonda kiasi, naziona kwenye kitana. Lakini subiri, kichwani kuna mabaka pia, magamba yakitoka yanatoka na nywele, kwahiyo hapa siwezi kumpa mtu mmoja kesi yote. Nimepiga picha utosi, mwanga uleule, dirisha lilelile, nitalinganisha. Kinachonipa moyo ni kwamba nywele za methotreksati kwa kawaida hurudi dozi ikishuka au ikikatwa.

Ukungu ni kitu kingine. Jumamosi natafuta maneno, nasahau nilichofata chumbani, nasoma sentensi moja mara tatu. Watumiaji wengi wanaulalamikia huu ukungu wa siku inayofuata. Dawa yake kwangu imekua ratiba tu: Jumamosi hakuna maamuzi, hakuna kikao, hakuna kuandikia mtu ujumbe wa hasira. Nafua, nalala, natembea jioni jua likiwa limepoa, maana dawa hii inaweza kuifanya ngozi iungue na jua kirahisi zaidi.

Ngozi yenyewe

Nimeandika madhara kurasa na kurasa mpaka nimesahau kwanini nameza. Haya, viganja vimeanza kupungua. Viwiko vimelainika kwanza, magamba yamekua membamba, ukingo wa baka hauinuki tena ukipitisha kidole. Kwa kawaida unapewa kama wiki 12 hadi 16 kwa dozi inayofaa ndo unahukumu dawa, na mimi naona mambo yalianza kabla kidogo.

Ila kuna kitu kilinichanganya. Pale baka lilipolala pamebaki doa jeusi, na kiunoni pamebaki doa jeupe kiasi. Watu wakaanza, "unaona sasa, dawa inakuunguza". Sio dawa. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe ukiondoka mara nyingi unaacha rangi nyuma, inaweza kuchukua miezi mingi kufutika. Na soriasisi yetu wenyewe hata haionekani kama zile picha za vitabuni za wekundu wa waridi, inakua ya zambarau au kijivu cha kahawia, ndo maana kuna watu wanaambiwa wana fangasi miaka na miaka. Jinsi ya kutofautisha: baka lenye ugonjwa linapapasika, lina unene na magamba, doa lililobaki ni tambarare, macho yanaliona kidole hakilioni. Kwahiyo nahesabu viganja kwa vidole, sio kwa macho. Na sijipaki steroidi kwenye madoa, ugonjwa haupo tena hapo, utakondesha ngozi bure.

Njano

Hii nilisita kuiandika maana inafanana na wazimu. Alhamisi, siku kabla ya dawa, kichefuchefu. Sijameza kitu. Nafungua kabati kutafuta plasta, naona lile boksi, mate yanajaa mdomoni. Juzi hapa dada kavaa blauzi ya njano ileile ya kidonge na tumbo likageuka, nikamwambia akacheka, nikamwambia siko kwenye utani, akaenda kubadilisha bila neno.

Nilipomweleza daktari nilitegemea anicheke naye. Wala. Inajulikana, hasa kwa wanaotumia muda mrefu, mwili unajifunza kuunganisha rangi, harufu na siku yenyewe na kile kichefuchefu, unaanza mapema bila kusubiri dawa. Watoto wenye ugonjwa wa viungo wanaotumia dawa hii wanaipata sana. Na ikishaota mizizi kumwambia mtu "jikaze" haisaidii, inabidi umpunguzie kichefuchefu chenyewe mapema ili mwili usipate somo.

Tulichofanya: boksi limehamia kwenye mfuko usioonyesha ndani, dada ananitolea vidonge pembeni nisivione, namba anaisoma yeye kwa sauti. Dawa ya kuzuia kutapika nameza kabla, sio baada. Kuna pia njia ya kugawa dozi ya wiki katika vipande vilivyopishana saa 12 ndani ya siku hiyohiyo moja na nusu, ni ya zamani na madaktari wengine bado wanaitumia, ila wa kwangu hakuipenda, alisema ukishamwambia mtu ameze zaidi ya mara moja umefungua mlango wa kusahau amefikia wapi. Nimemwelewa.

Imesaidia nusu. Nusu nyingine ndo ikatupeleka kwenye sindano.

Sindano

Dozi ya mdomoni ikipita miligramu 15 utumbo unaanza kushindwa kuinyonya yote, unaongeza vidonge na kinachoingia kwenye damu hakiongezeki kwa kiwango hichohicho, kinachobaki tumboni kazi yake ni kukusumbua. Ukichoma chini ya ngozi, pajani au tumboni, unaruka yote hayo. Nimefundishwa na muuguzi, unakunja ngozi, unachoma, unahesabu taratibu, unatoa. Maji yake nayo ni ya njano, bila shaka, nani alijua. Naifunika na kitambaa.

Jumamosi ya kwanza baada ya sindano niliamka nikakaa kitandani nasubiri. Haikuja. Ilikuja kidogo mchana, ikapita. Uchovu upo vilevile, ukungu upo vilevile, ila tumbo limetulia na ile Alhamisi ya kichefuchefu bila dawa imeanza kufifia polepole, wiki kwa wiki.

Sindano zilizotumika zinaenda kwenye boksi lake gumu, sio kwenye taka za nyumbani. Na mjamzito au anayetafuta mimba asishike vidonge vilivyovunjika wala maji ya sindano.

Vya watu wanaoniuliza

Wenzangu wawili watatu wanaotumia wameona hili daftari wakaanza kuuliza, naweka hapa kwa haraka.

Mimba: methotreksati inaharibu mimba na inalemaza mtoto tumboni. Uzazi wa mpango wa uhakika muda wote, na kipindi cha kusubiri baada ya kuacha, maelezo ya Ulaya kwa wanawake yanasema miezi 6. Wanaume nao waulize kabla.

Antibiotiki: kotrimoksazoli, ile wengi wanaijua kama Septrin, na trimethoprimu yenyewe, USICHANGANYE. Nazo zinabana njia ileile ya foliki, mbili kwa pamoja zinaweza kuua uboho. Kila ukiandikiwa kitu chochote sehemu nyingine, hata kwa jino, taja methotreksati kwanza kabla hujataja jina lako. Dawa za maumivu za aina ya ibuprofeni nazo uliza, maana zinagusa figo.

Chanjo: zile zenye kirusi hai, mfano ya homa ya manjano, uliza kabla. Ya mafua ya sindano haina shida hiyo.

Dawa zinazochokoza soriasisi yenyewe: lithiamu, zile za presha za kundi la beta-bloka, na klorokwini na jamaa zake. Usiziache mwenyewe, mwambie tu aliyekuandikia. Na steroidi za kumeza au kuchomwa, zikikatwa ghafla mtu mwenye soriasisi anaweza kutokwa na malengelenge ya usaha mwili mzima, hiyo ni ya kulazwa.

Ilipofika

Viganja vimebaki vichache, vingi ni baka la muundi, hilo naona lina hati ya nyumba. DLQI imeshuka chini ya 10 kwa mara ya kwanza toka nianze kuijaza, swali la mavazi limeenda sifuri, la usumbufu wa matibabu ndo limepanda, na ni haki, maana matibabu yanakula Jumamosi yangu nzima. Nywele kwenye picha za dirishani zimekonda kidogo utosini, kichwani magamba yameisha kwahiyo sasa lawama zinaangukia dawa. Ini kimya Alhamisi zote. Mdomo safi toka foliki iongezwe.

Ya kupeleka kliniki: nimeandika kama dozi inaweza kushushwa kidogo kidogo mpaka tukifika kiwango cha chini kinachoshikilia ngozi, ili nirudishiwe angalau nusu ya Jumamosi. Kama kipimo cha kupima ugumu wa ini kwa mashine ya mawimbi kinahitajika sasa au mbele. Na kama baka la muundi linaweza kupata mwanga peke yake au kalsipotrioli ya kuchanganywa na steroidi kwa muda mfupi bila kugusa dozi ya sindano. Daftari jipya limenunuliwa, safu ya "mengineyo" nimeifanya iwe pana mara mbili.